Mtoto Ana Mikono Miwili: Barua ya Wazi kwa Bodi ya Shule

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Shule,
Kupitia kwa Mkuu wa Shule.

YAH: KUGAWA FANI, KAZI NA ADHABU KWA KIGEZO CHA "KIKE" NA "KIUME"

Ndugu Mwenyekiti,

Asalaam aleikum, na kwa wasio wa salamu hiyo, habari za kazi. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi wa wanafunzi wawili shuleni kwenu: binti yangu wa Kidato cha Kwanza, na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, wa Kidato cha Pili. Ni fundi cherehani. Nina meza yangu barazani karibu na soko, huu mwaka wa 27. Baadhi yenu mnanijua kwa sura, wengine nawajua kwa kipimo cha kiuno. Vyerehani saba vya karakana yenu navitengeneza mimi tangu vilipoletwa, bila malipo. Sidai shukrani. Nalitaja tu msije mkadhani barua hii imetoka kwa mtu asiyeitakia shule heri.

Sikuanza na barua ya wazi. Tarehe 12 Februari nilikuja ofisini kwa miguu yangu. Tarehe 4 Machi nikaleta barua, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Mwezi Mei nikaleta ya pili, nikaambiwa suala litapelekwa kwenye kikao. Julai nikauliza kikao kilisemaje, karani akanijibu kwamba ajenda zilikuwa nyingi. Wiki iliyopita mpwa wangu akaambiwa mbele ya darasa kwamba mjomba wake anapenda sana kuandika. Basi, maadamu sifa hiyo nimeshapewa, hii hapa ya tatu, na mara hii wasome na wengine. Jina la shule nimeliacha. Wenyewe mnajijua.

Nina mambo matano. Hayalingani uzito, kwa hiyo msitegemee yalingane urefu.

1. Fani za amali

Mkondo wa amali ulipoanza kuingia katika sekondari zetu mwaka 2024, sisi wazazi wa kazi za mikono tulifurahi kuliko wote. Serikali ilikuwa inasema kwa maandishi kwamba mtoto anayejua kazi naye amesoma. Shule yenu ikawa na fani mbili, umeme wa majumbani na ushonaji. Binti yangu akajaza umeme.

Hakujaza kwa kuiga wenzake. Alipokuwa darasa la sita, mota ya cherehani changu ilianza kutoa cheche na harufu ya kuungua. Nikaizima, nikaiogopa, umeme mimi naujua kwa kuwasha na kuzima. Yeye akachomoa waya ukutani, akaifungua mota juu ya gazeti, akapanga skrubu kwa mstari asizichanganye, akainuka na kuniambia, "Baba, brashi zimekwisha." Nikampa hela, akaenda kununua brashi mpya za kaboni, akazivisha. Mota inazunguka mpaka leo.

Orodha ilipobandikwa ubaoni, wavulana wote walikuwa umeme na wasichana wote ushonaji. Wote, hata kijana wa jirani yangu ambaye kila Jumamosi huja mezani kwangu kujifunza kukata kola, na ana mkono mzuri kuliko nilivyokuwa nao mimi umri wake. Naye yuko umeme, na anaziogopa nyaya kama mimi.

Nilipokuja kuuliza, mwalimu mhusika alinipokea vizuri, akanivutia kiti. Kisha akanieleza kwa upole kwamba ushonaji ni kazi ya kike, inawafaa mabinti kwa kuwa inataka utulivu, na umeme unataka moyo wa kiume. Ndugu Mwenyekiti, wakati ananieleza hayo futi yangu ya kupimia ilikuwa inaning'inia shingoni, na suruali aliyovaa nilikuwa nimeishona mimi.

Sikucheka. Nilirudi nyumbani nikijiuliza ni lini tulisahau tunayoyaona kila siku. Pwani hii, mtu anayekaa nyuma ya cherehani barazani mara nyingi ni mwanamume. Matanga ya majahazi yalishonwa na wanaume wameketi mchangani, sindano mkononi, tanga limewafunika magoti kama shuka. Pilau la harusi, lile la masufuria ya kubebwa na watu wawili au watatu, tunawaachia wanaume wapike nje huku wakitoa amri kama majemadari. Na maji yakipwa, mwanamke ndiye anayeingia na mchokoo wake kumtoa pweza mwambani, akirudi kanga imelowa mpaka kiunoni. Nyumba za udongo nani alizikandika? Hakuna aliyesema huyu amepoteza uanaume, au huyu amepoteza uanamke. Leo shuleni, mahali tunapolipia elimu, mtoto anafundishwa kwamba sindano ina jinsia.

Msinielewe vibaya, sijasema ushonaji ni fani duni. Umenijengea nyumba ya vyumba vitatu. Lakini kazi aliyosukumiwa mtu haimkai, kama koti lililokatwa kwa vipimo vya mwingine: bega huku, mkono kule. Sera na mtaala havina mstari unaosema umeme ni wa wavulana. Katiba yetu nayo, ibara ya 13, inakataza ubaguzi, na jinsia imetajwa humo. Mstari huo mmeuchora wenyewe, na kwa hiyo mnaweza kuufuta bila kusubiri waraka wa mtu.

2. Machozi ya mpwa wangu

Hili ndilo linaloninyima usingizi.

Mama yangu mzazi alifariki mwezi wa Aprili. Ndiye aliyemlea mpwa wangu tangu ana miaka miwili. Alimwita Bibi, lakini kwa malezi alikuwa mama. Tulizika, tukakaa matanga siku tatu, ya nne nikamwambia avae sare arudi shule. Hapo nilikosea mimi, nakiri. Nilidhani shule itamchangamsha. Asubuhi ile mstarini, wenzake wakiimba wimbo wa taifa, machozi yakamtoka. Mwalimu wa zamu akamwambia, "Jikaze, wewe ni mwanaume." Akashindwa. Akaambiwa, "Kama unataka kulia, nenda kasimame mstari wa wasichana." Akaenda. Akasimama huko mpaka matangazo yakaisha, shule nzima ikimwangalia.

Kuanzia siku ile akawa Bi Kilio. Getini, darasani, kwenye foleni ya uji, Bi Kilio. Wiki ya tatu akampiga mwenzake ngumi akamng'oa jino. Akachapwa, akarudishwa nyumbani wiki moja, nami nikalipa gharama za daktari kama inavyostahili. Aliporudi, Bi Kilio alikuwa amekufa. Sasa anaitwa Mwamba. Wakubwa wa Kidato cha Nne wanamgongea ngumi ya salamu.

Waheshimiwa wajumbe, litazameni hilo kama mnavyotazama matokeo ya mtihani. Mtoto alipoitoa huzuni yake kwa njia isiyomuumiza mtu, alidhalilishwa. Alipoitoa kwa ngumi, aliadhibiwa na ofisi na kutukuzwa na wenzake. Kijana wa miaka 15 si mjinga, ameona ipi inalipa. Siku hizi halii. Wala haongei. Anakula, anaosha sahani yake, anaingia chumbani. Juzi nilimkuta ameshika kanga ya bibi yake, ameiweka usoni. Nilirudi nyuma kimya kimya asinione. Baadaye nikajilaumu kwa kule kurudi nyuma, maana hata mimi, ninayeandika haya yote, nilihisi nimemfumania mtu kwenye jambo la aibu.

Na wale wasichana? Waliamka, wakachana nywele, wakaja mstarini, wakagundua kwamba mahali waliposimama ndipo mtu anapopelekwa akikosa. Hawakulalamika. Wamezoea.

Bodi yenu ina shehe na ina mchungaji, nao ni watu ninaowaheshimu. Shehe anajua kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa machozi mbele ya masahaba, na alipoulizwa akasema hiyo ni rehema. Anajua pia masimulizi ya Bi Aisha, kwamba Mtume akiwa nyumbani alikuwa akiwahudumia watu wake na kushona nguo yake mwenyewe. Mchungaji anaijua Yohana 11:35, Yesu akilia machozi kwa kifo cha Lazaro, na anajua kwamba mtume Paulo alikula kwa kushona mahema. Mngewatuma hao nao mstari wa wasichana?

Najua mtanikumbusha jando. Mimi nimelipitia. Niliambiwa nijikaze, nikajikaza, na sijuti. Lakini usiku homa ilipopanda, aliyenishika kichwa, akaniosha kidonda kwa maji ya vuguvugu na kunilisha uji kwa mkono wake alikuwa mwanamume, tena yule yule mwenye sauti kali ya mchana. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia kumbini, kwa hiyo ulezi wote ulikuwa juu ya wanaume, na hakuna aliyeona ajabu. Shule zetu zimeichukua ile sauti ya mchana, mkono wa usiku zikauacha huko porini.

Marehemu mama alikuwa na Kiswahili cha kizamani. Mkono wa kulia aliuita mkono wa kuume, wa kushoto akauita mkono wa kike. Hakubuni yeye, ndivyo walivyosema wazee wa pwani. Kwa hesabu hiyo kila mja wa Mungu, mwanamume kwa mwanamke, amezaliwa na yote miwili. Msinijibu haraka, jibu lenu nalijua: huo wa kuume ndio wa kulia chakula na kusalimia watu, huo wa kike ndio wa chooni. Kweli. Lugha nayo imeshaamua nani akae mbele.

Lakini njooni mezani kwangu. Mwanafunzi mpya humkalisha kwenye cherehani cha mkono. Mkono wa kuume unazungusha gurudumu, mkono wa kike unaongoza kitambaa. Wanaoanza wana kosa lile lile: wanazungusha kwa nguvu zote, wa kushoto wanausahau. Mshono unakwenda kombo kama njia ya ng'ombe wanaorudi kisimani. Nguvu ipo, tena imezidi, ila hakuna anayeiambia iende wapi. Wapo na wachache wa kosa la pili, wanaongoza na kuongoza na kunyoosha kitambaa, gurudumu hawathubutu kulizungusha. Hao jioni inawakuta hawajashona kitu. Mpwa wangu mmemfunga mkono mmoja, binti yangu mmemfunga mwingine, na mwisho wa mwaka mtataka mshono ulionyooka kwa wote wawili.

3. Zamu za kazi

Hili fupi. Wasichana hufagia madarasa na ofisi kila siku, huchota maji na kuosha vikombe vya walimu. Wavulana hufyeka nyasi mara moja kwa wiki, na kiangazi nyasi hakuna. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, na kwamba wanaume wa huko nusu ya maisha yao wako likizo. Zaidi ya nusu karne imepita na shule yenu inawaandaa vijana kwa likizo hiyo hiyo. Kuosha kikombe kunachukua dakika moja. Mvulana asiyeweza kuosha kikombe alichonywea mwalimu wake, nyumbani kwake ataosha cha nani?

4. Kaka mkuu na dada mkuu

Vyeo vipo viwili na majina yanalingana. Kazi hazilingani. Kaka mkuu anapanga mstari, anazungumza na wageni, anasoma risala kwenye mahafali. Dada mkuu anakagua kucha na urefu wa sketi, na wageni wakija anabeba sinia la soda. Nimehudhuria mahafali mawili, sikuwahi kuisikia sauti ya dada mkuu.

Kule Dar es Salaam mwaka 1955, TANU ikiwa changa na inatafuta wanachama wanawake, aliyeongoza tawi lao alikuwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma. Aliwaendea wenzake wa vikundi vya lelemama, wanawake waliokwisha zoea kuchangishana, kupanga safu na kuitikiana, akawatoa wakiwa kundi. Hakuiacha ngoma nyumbani ndipo ashike siasa. Aliingia nayo, na alipopanda jukwaani wanaume walisimama kumsikiliza. Dada mkuu wenu hajapewa hata kipaza sauti.

5. Mazungumzo ya Ijumaa

Kila Ijumaa baada ya vipindi matroni hukaa na wasichana. Anawafundisha hedhi, usafi, namna ya kuepuka mimba, kujiheshimu. Kazi nzuri, namshukuru. Saa hiyo wavulana wanapewa mpira.

Nauliza kama mzazi: hizo mimba wanazofundishwa kuziepuka wanazipata kwa nani? Nani anamfundisha mvulana kukataliwa akakubali? Nani anamwambia kwamba kuogopa si dhambi, kwamba hasira mara nyingi ni huzuni iliyokosa mlango? Zamani alikuwepo kungwi, alikuwepo somo, na kwetu Wadigo alikuwepo mjomba, ambaye mpwa wake alikuwa mzigo wake hata mbele ya watoto wake mwenyewe. Mimi bado nipo, lakini wangapi wana mjomba karibu? Patroni mnaye. Jina lake liko ubaoni chini ya jina la matroni. Siku niliyomuuliza Ijumaa yeye hufanya nini, alinijibu huwa refa.

Majibu ninayoyatarajia

Mtasema usalama. Kwamba binti hawezi kupanda ngazi na sketi mbele ya wavulana. Hilo nalikubali kabisa, na dawa yake inaitwa ovaroli. Nunueni kitambaa, mshono ni wangu, bure, kwa kila msichana atakayeingia umeme. Nipeni vipimo leo, wiki mbili zijazo ziko mezani.

Mtasema usawa umeshafika, kwani nchi inaongozwa na Rais mwanamke tangu tarehe 19 Machi 2021. Ni kweli, na nilifurahi. Ila mpwa wangu hakufundishwa nini cha kufanya na machozi yake siku Rais alipoapishwa, na binti yangu bado yuko ushonaji.

Mtasema wazazi wengine hawajalalamika. Wamelalamika, mezani kwangu, mikono wameinua nawapima kifua. Mmoja alisema mwanawe wa kiume anapenda kupika na amekatazwa asilitaje hilo mbele ya mwalimu wake wa michezo. Nikamwambia tuje pamoja. Akaniambia, "Fundi, wewe nenda, mimi mtoto wangu ana mtihani mwaka huu." Kunyamaza huko msikuhesabu kuwa ridhaa.

Na mtasema jambo ambalo hamtaliandika: kwamba mkiwalea wavulana kwa upole watalegea, watakuwa hivi au vile. Neno lenyewe mnalinong'ona, nami nalisikia. Ngoja niwaeleze nyumba yangu. Mke wangu ni mchuuzi wa samaki. Saa 11 alfajiri yuko pwani anapigana bei na wavuvi, na sauti yake wanaijua mpaka walio bado majini. Mwenye kuthubutu kwetu ni yeye. Ndiye aliyesema tukope, tununue kiwanja, wakati mimi natetemeka. Mwenye subira ni mimi. Alipokwenda kumuuguza mama yake miezi mitatu, nilijifunza kumsuka binti yetu. Nywele ninazoweza ni twende kilioni peke yake, na mistari haikuwa imenyooka, lakini shule alikwenda. Watu barazani walinitania mpaka wakachoka. Sijalegea. Nimesomesha watoto wanne na nimewahi kumkamata mwizi wa baiskeli kwa mikono hii.

Wala siombi wavulana waache kujikaza. Chombo kikiingiwa na maji usiku, anayelia anapewa ndoo, anakumba maji huku akilia, na hakuna anayemwambia achague kimoja. Siombi wasichana waache upole wao. Naomba mtoto aruhusiwe kuwa na ndoo na machozi kwa pamoja.

Ninachoomba

(a) Orodha ya fani za amali ifutwe na wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wajaze upya, kila mmoja kwa chaguo lake, kabla muhula huu haujafika katikati. Nafasi zikizidiwa, pigeni kura au wapeni jaribio. Msigawe kwa jinsia.

(b) Adhabu ya kumpeleka mvulana mstari wa wasichana ikome, na ikomeshwe kwa tangazo la mkuu wa shule mstarini, pale pale ilipotolewa. Mwalimu husika simtaki aaibishwe. Ningependa azungumze na mpwa wangu, wawili tu, mahali penye kivuli.

(c) Ratiba ya zamu ichanganywe, na kaka mkuu na dada mkuu wabadilishane majukumu kila mwezi.

(d) Patroni akae na wavulana Ijumaa kama matroni anavyokaa na wasichana. Mpira uchezwe Jumatano.

Naomba jibu la maandishi ifikapo tarehe 12 Septemba. Likikosekana nitaipeleka barua hii, na zile mbili zenye muhuri wenu, kwa Afisa Elimu wa Halmashauri.

Fomu mpya ya binti yangu nimeiambatanisha, imejazwa umeme, na sahihi yangu iko chini.

Jambo la mwisho. Nimesikia vyerehani vyenu viwili vimekwama tena. Nitakuja Jumamosi saa 3 asubuhi kama kawaida, mlinzi aachiwe ufunguo wa karakana. Kimoja ni cha mguu, nadhani ni mkanda umelegea. Kile kingine ni cha mota, na mota si kazi yangu, kwa hiyo nitakuja na binti.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mzazi, fundi cherehani